Shimo la Mfenesi katika Ua wa Mwanakombo

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya nani, palikuwa na mji ambamo mtu asiye na mti hakuwa na kauli. Nasema mti, sisemi nyumba. Ungeweza kuwa na nyumba ya mawe, kisima na ng'ombe zizini, lakini kama hukuwa na mti uliopandwa na wewe au mzazi wako ndani ya ua mmojawapo wa mji ule, basi siku ya baraza ulikaa nyuma ukanyamaza. Wenye miti walisema, wewe ukasikiliza. Na mti ulihesabiwa mbali na ardhi. Ardhi iliweza kuwa yangu, na mti uliosimama juu yake ukawa wako. Ua mmoja mti mmoja, ndiyo iliyokuwa sheria yao, na miti ya mashambani haikuhesabiwa. Lishikeni hilo, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini watu wazima waligombania shimo.

Katika mji huo alikaa mwanamke mfinyanzi, jina lake Mwanakombo. Baba yake aliununua ua kutoka kwa ukoo wa Pandu, lakini alinunua ardhi tu. Mfenesi mkubwa uliokuwa katikati ya ua ulibaki wa Pandu. Kila msimu Pandu aliingia bila hodi, akaangusha mafenesi yake, akapakia, akaenda zake. Mwanakombo alibakiwa na majani, utomvu na nzi. Siku akiomba fenesi moja, Pandu alimjibu, "Binti, mti una mwenyewe." Na Mwanakombo akifinyanga vyungu vyake alikuwa akilikumbuka neno hilo, akaukanda udongo kwa hasira.

Basi mwaka mmoja ikaja dhoruba. Sitaipamba, nyote mmeshaona upepo. Iliezua mapaa, ikalaza migomba, ikakata minazi vichwa, na kulipokucha mji mzima ulikuwa umelala chini ya makuti na matawi. Ua ulioumia kuliko yote ulikuwa wa Mwanakombo. Mfenesi uling'oka na mizizi yake, ukalalia jiko, ukalalia tanuri, ukaziba mlango. Mwanakombo ikambidi atoke nje kwa kupitia dirishani.

Sheha, ndiye mkuu wa mji, akapiga mbiu. Akasema, "Mji huu hautakaa na uozo. Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri, kila ua uwe safi. Ua utakaokutwa na taka za dhoruba utakuwa wa mji, na mji utampa mtu anayeweza kuutunza." Amri nzuri, siyo? Usafi, nani anaupinga? Lakini Sheha alikuwa shemeji yake Pandu, na Pandu aliutaka ua ule tangu baba yake alipouuza. Watu walisikia mbiu, wakatazamana, wakaenda kufagia nyua zao.

Mwanakombo akaenda barazani kwa Pandu. Akamkuta anakunywa kahawa na wenzake. Akasema, "Bwana Pandu, mti wako umeniangukia. Njoo uuondoe."

Pandu akasema, "Uliposimama ulikuwa mti, na ulikuwa wangu. Sasa umeanguka. Kilichoanguka ni taka, na taka ni za mwenye ardhi."

"Unasema hivyo mbele ya watu hawa?"

"Mbele ya hawa na mbele ya wengine watakaokuja."

"Haya," akasema Mwanakombo, na wanywa kahawa wakacheka.

Hakulia, kama mlitegemea kilio. Alirudi kwake, akapanda juu ya gogo lile, akasimama pale ambapo mtaa mzima ulimwona. Akasema kwa sauti, "Mimi sitoki. Tanuri langu limo humu, na chakula changu kinatoka katika tanuri hilo. Atakayeuokoa ua huu, shimo la mfenesi ni lake. Apande mti wake, awe na kauli barazani, yeye na watoto wake. Naapa mbele yenu, na kiapo hiki sitakitengua."

Watu wakashika midomo. Kwa sababu Mwanakombo mwenyewe hakuwa na mti. Ua wake ulikuwa na nafasi ya mti mmoja tu, na nafasi ilipopatikana kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaitoa. Wengine walisema amerukwa na akili. Mimi nasema alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na haki.

Wa kwanza kuja alikuwa Shija, mpasua mbao, mtu wa bara. Alikuwa kibarua wa Pandu, akilala katika kibanda cha Pandu. Pandu aliwaambia wapasua mbao wake wote wasiutie msumeno mfenesi ule. Wenzake wakatii, lakini Shija akachukua msumeno wake begani akatoka.

Pandu akamwita, "Unakwenda wapi?"

"Kwa mfinyanzi."

"Ukivuka kizingiti hicho usirudi."

Shija akavuka. Mkeka wake na sufuria yake vikamfuata nyuma, vimetupwa. Akaviokota, akavitia kwapani, akaendelea na safari.

Sasa Shija alikuwa fundi wa mivinje. Mvinje mti mkavu, ukiutia msumeno unakwenda. Lakini mfenesi yeye hakuujua. Akaanza kukata tawi la kwanza kwa nguvu zake zote, na utomvu ukatoka mweupe, ukashika meno ya msumeno, ukashika mikono, ukashika ndevu. Msumeno ukanasa ndani ya mti, hauendi wala haurudi. Akavuta, akasukuma, akakaa chini, akautazama.

Ng'ambo ya ua wa makuti alikaa jirani, Kibibi. Yeye na Mwanakombo walikuwa hawasemezani. Chanzo ni moshi wa tanuri ulioingia katika nguo alizoanika Kibibi, na tangu hapo kila mmoja alikuwa akimwona mwenzake kama ukuta. Lakini Kibibi alikuwa na kuku, na mnajua wanawake wa mji ule walivyofanya wakitaka kumwambia jambo mtu wasiyesema naye. Akamwambia kuku.

"We kuku," akasema, na sauti yake ilivuka ua bila taabu, "umeona wapi mfenesi ukakatwa na msumeno mkavu? Si mtu angepaka mafuta ya nazi kwenye meno, na mikononi akapaka, akaupaka tena kila ukianza kunata? Lakini wewe kuku tu, utajulia wapi."

Mwanakombo akaingia jikoni kwa tundu lililobaki, akatoka na mafuta yote aliyokuwa nayo. Shija akapaka. Msumeno ukateleza, na matawi yakaanza kuanguka.

Lakini tawi lililokatwa likiachwa uani bado ni taka. Hapo akaja wa pili, Vuai. Kazi yake ilikuwa kuzoa taka za nyua kwa gari la ng'ombe, makuti, majani, migomba iliyokatwa, na kuzimwaga jalalani. Ng'ombe wake akimwita Sultani, na waliosikia walimwambia abadilishe jina, naye hakubadilisha. Baada ya dhoruba Vuai alitafutwa na kila mtu. Sheha akamwamuru azisafishe kwanza nyua za wakubwa, na gari lake lisikanyage kwa Mwanakombo.

Vuai akasema, "Wakubwa wana watumishi." Akalielekeza gari kwa Mwanakombo.

Alijua kupakia. Matawi manene chini, ncha zake nene mbele, majani nyuma, kisha kamba ya usumba wa nazi inazunguka na kukazwa kwa mguu. Na njia za kwenda jalalani zilikuwa mbili, ya nyuma ya mji na ya mbele ya nyumba ya Sheha. Ya nyuma ilikuwa fupi. Vuai akapita ya mbele, mchana, majani ya mfenesi yakiburura vumbi mpaka kwenye vikombe vya kahawa vya barazani kwake.

Sheha akasimama. "Vuai, hukusikia amri?"

"Nimeisikia, Bwana Sheha. Nimeisikia vizuri kabisa." Wala hakusimamisha ng'ombe.

Sheha hakumkimbiza. Sheha alikuwa na njia zake. Alitangaza kwamba tangu siku ile hakuna mtu mjini atakayempa Vuai kazi, na akaweka walinzi jalalani. Vuai akafika, akakuta marungu. Akarudi na shehena yake. Hawezi kuimwaga njiani, itarudishwa uani. Hawezi kuiacha garini, matawi mengine yanangoja. Akasimama mbele ya ua wa Mwanakombo na gari limejaa, na Ijumaa ilikuwa karibu.

Kibibi akamtafuta kuku wake.

"We kuku," akasema, "mwambie mwenye gari nina shamba bondeni. Amwage huko."

Vuai akauliza, "Shamba lile la mihogo? Si bado haijakomaa, bibi?"

"Kuku, mwambie hayo hayamhusu."

Wakamwaga. Gari baada ya gari, matawi, makuti, magogo ya mfenesi mazito kama jiwe, yote yakaenda kulala juu ya mihogo ya Kibibi. Mihogo ikavunjika, ikafukiwa. Kibibi alisimama pembeni akionyesha pa kumwaga. Ile mihogo ndiyo iliyokuwa chakula chake mpaka mwaka wa pili, na hapakuwa na mwingine wa kumlisha.

Alhamisi jioni Shija akakata pande la mwisho, lile lililoshikana na mizizi. Mnajua linalotokea hapo? Mti ulioanguka na mizizi yake, ukiutenga na gogo lake, ile mizizi huvutwa na uzito wa udongo. Kisiki kikainuka, kikajirudisha shimoni, kikasimama wima. Shija akaruka pembeni. Wakakitazama, wakachoka kwa kukitazama tu, wakasema, kimesimama, hakimzuii mtu. Wakafagia ua mpaka jani la mwisho.

Ijumaa akaja Sheha na Pandu, na watu nyuma yao. Sheha akazunguka ua. Hakuona jani. Akazunguka tena. Akasimama mbele ya kisiki.

"Hiki kiling'olewa na dhoruba?"

"Ndiyo," akasema Mwanakombo.

"Basi ni taka za dhoruba. Ua haujawa safi."

Lakini Pandu alikwishaanza kukipapasa kile kisiki. Akasema, "Shemeji, ngoja kidogo. Kimesimama. Mizizi imo ardhini. Mfenesi huchipua. Huu bado ni mti wangu."

Mwanakombo akacheka, na kicheko chake hakikuwa cha furaha. Akasema, "Bwana Sheha, wewe unasema taka. Bwana Pandu, wewe unasema mti. Haya, chagueni, mimi nasubiri. Kama ni mti umesimama, hakuna taka humu, ua wangu ni safi, na Bwana Sheha atangaze sasa hivi. Kama ni taka, Bwana Pandu hana mti kwangu, wala hatakuwa nao, na nitakitoa kabla ya adhana. Kimoja. Viwili hampati."

Mkiniuliza mimi, tangu mji ule ujengwe hakuna aliyewahi kusemeshwa vile mbele ya watu. Sheha alimtazama Pandu. Pandu alimtazama muadhini, ambaye alikuwa anatawadha msikitini ng'ambo ya njia. Alikitazama kisiki, kipana kuliko mlango, mizizi yake minene kama paja. Akapiga hesabu yake ya mtu mwenye tamaa: hawawezi kukitoa, na wasipokitoa nitapata ua mzima.

"Ni taka," akasema.

"Sema watu wasikie."

"Ni taka! Sina mti hapa."

"Mmemsikia," akasema Mwanakombo. Akawageukia Shija na Vuai.

Shija akaingia shimoni na shoka. Akaukata mzizi wa kulia, akaukata wa kushoto, akalala kifudifudi akautafuta mzizi mkuu chini kabisa, udongo ukimwingia machoni. Vuai akafunga kamba ya usumba, akampiga Sultani mgongoni, Sultani akavuta. Ng'ombe akaangukia magoti. Akainuka. Akaanguka tena, na safari hii aliinuka anachechemea, lakini akavuta. Kisiki kikatoka. Kikabururwa mpaka mlango wa ua, kikakwama. Mlango ulikuwa mwembamba.

"Bado kimo uani," akasema Sheha, na muadhini alikuwa anapanda ngazi.

Hapo Kibibi akachukua panga. Hakumwambia kuku kitu. Akakata ua wake mwenyewe, fito na makuti, akaliangusha pande zima kwa mikono, akasema, "Piteni kwangu." Ng'ombe akageuzwa. Kisiki kikapita uani kwa Kibibi, kikavunja mitungi yake, kikang'oa kamba yake ya nguo, kikateremka bondeni kwa kishindo, na adhana ikaanza.

Sheha akaitazama ardhi ya Mwanakombo. Palikuwa na nyumba, tanuri na shimo. Shimo si taka. Akajifunga kilemba chake upya ingawa hakikuwa kimefunguka, akasema, "Tutaonana kwenye baraza. Huko nitaifanya amri hii kuwa sheria ya kila mwaka, na hapa sioni mwenye kauli ya kuipinga." Akaondoka, Pandu nyuma yake.

Sasa sikilizeni, maana kazi yenu inakaribia. Katika mji ule mwenye mti mmoja tu akisimama barazani akasema "napinga", jambo lilizuiwa. Mtu mmoja alitosha. Na wenye miti wote waliokuwepo walikuwa jamaa wa Sheha, au walimwogopa. Mwanakombo akaleta mche wa mfenesi alioukuza katika chungu. Akasimama kwenye ukingo wa shimo, watu wakakaa wasiondoke.

Shija akasema, "Mama, mimi nimekata. Nisingekata, ng'ombe angevuta nini? Niliitikia kiapo chako nikafukuzwa kazi, na mkeka wangu sasa sina pa kuutandika. Nimekaa mji huu nikiitwa mgeni mpaka nimezeeka. Anayepanda hapa si mgeni tena. Nipe mimi, na barazani nitasimama."

Vuai akasema, "Dada, mti uliokatwa ukaachwa ulipo ni taka ileile imefanywa vipande. Kuondoa ndiyo kazi. Nimezoa uchafu wao maisha yangu yote, na barazani wananiambia nikae upande unakokwenda upepo. Kila mtu alijificha, mimi nilipita mbele ya uso wa Sheha. Sina kazi, na Sultani sasa ni kiwete. Nipe mimi, na barazani nitasimama."

Kibibi akasema, "Mwanakombo." Watu wakageuka, kwa sababu jina hilo halikuwa limetoka mdomoni mwake kwa miaka. "Nasema na wewe, kuku hayupo. Hawa wamekata na wamebeba, sawa. Lakini taka haitoki mpaka apatikane mtu wa kukubali ikae kwake. Mimi ndiye niliyekubali. Wao wamepoteza kazi, na kazi hutafutwa. Mimi sina cha kula, na ua wangu uko wazi kama soko. Mti uliomo kwangu ni wa ndugu wa mume wangu, kwa hiyo na mimi nimekaa nyuma na kunyamaza kama wewe. Tena hawa walikuja kwa ajili ya shimo. Mimi nilikuja na nilikuwa nakuchukia. Nipe mimi, na barazani nitasimama."

Ndipo Shija, aliyedai kwanza, akamtazama Mwanakombo akasema polepole, "Lakini na wewe, mama. Sisi tumetoa taka. Aliyemfunga mdomo Pandu ni wewe. Ungetokea dirishani ukaenda zako, tusingekuwa na ua wa kuokoa."

Watu wakaguna. Vuai akatazama chini. Kibibi akatikisa kichwa kukubali.

Mwanakombo akasema, "Niliapa. Nami nasema mbele yenu, roho inaniuma. Nautaka mti huu kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nikiupanda mwenyewe nimewadhulumu watu watatu. Nikiutoa, nitakaa barazani kimya nikisikiliza mtu mwingine akiutetea ua wangu."

Msiniambie wachimbe shimo lingine, nimeshawaeleza sheria. Msiniambie wapande wote kwa mkono mmoja, baraza lile halikuutambua mti wenye mabwana wanne. Msiniambie wamngoje Sheha afe, Sheha alikuwa na afya njema. Mche uko mkononi, mizizi yake inakauka, na baraza ni kesho. Mimi nimewaza juu ya watu hawa mpaka nikagombana na mke wangu, yeye akishika upande wake nami wangu, na mpaka leo hatujapatana.

Basi hukumuni nyinyi. Aliyekata, aliyebeba, aliyepokea, au aliyekataa kutoka: mche ule, Mwanakombo ampe nani?